Rasimu 41, makala tatu

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe. Kazi yangu ni kusoma prufu. Miswada ya vitabu hunifikia ikiwa imeshapita kwa mhariri, nami nawinda yaliyobaki: koma iliyopotea, ngeli iliyoteleza, jina la mhusika lililoandikwa hivi ukurasa wa 12 na vingine ukurasa wa 140. Naipenda kazi hii, na wanaonipa wananiamini.

Shida ni blogu yangu. Niliianzisha miaka miwili na miezi minne iliyopita niandike kuhusu ushonaji, jambo ninalolifanya jioni kwa raha zangu: kubadilisha zipu, kupunguza kiuno cha suruali, kugeuza kola iliyochakaa, kutia viraka visivyoonekana. Hadi leo nimechapisha makala tatu, na moja kati ya hizo haipo tena. Kwenye rasimu nina 41.

Inakuwa hivi. Nashona, nafurahi, naketi kuandika. Nusu saa ya kwanza maneno yanakuja yenyewe. Kisha naanza kusoma nilichoandika, na usiku unaishia hapo. Programu inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno kwa kuwa haijui Kiswahili. Najua ni ujinga wa programu, lakini ile rangi inanitia wasiwasi. Najiuliza kama neno "bandi" litaeleweka au nieleze kwamba ni ule mshono wa muda. Nafungua kamusi. Nabadilisha aya ya kwanza. Nikichoka na maneno nahamia kwenye sura ya blogu, ambayo nimeshaibadilisha mara sita. Kuna Jumapili nzima niliyoimaliza nikilinganisha fonti mbili. Dada yangu nilipomwonyesha alidhani ni moja.

Nikupe mfano. Rasimu ya zipu ya sketi ilianza hivi:

"Zipu ilifumuka asubuhi, mkono mmoja ukiwa umeshashika mkoba. Jioni niliibadilisha kwa mkono, na mara ya kwanza niliishona kichwa chini."

Hili ni toleo la tisa:

"Ushonaji ni stadi adhimu inayodai subira, umakini na maarifa ya kina. Miongoni mwa changamoto zinazomkabili mshonaji yeyote ni suala zima la ubadilishaji wa zipu, ambalo tutalijadili kwa mapana yake."

La tisa halina kosa. Ila nikilisoma naona kama limeandikwa na kamati. Kulirudisha la kwanza nako siwezi, maana lina aibu: nani atamwamini mshonaji aliyeshona zipu kichwa chini?

Kuna jambo lililonichoma zaidi. Katika makala yangu ya tatu, ya kukunja pindo la suruali, niliandika "masaa mawili". Msomaji mmoja akaweka maoni chini yake: "Msoma prufu mzima, masaa?" Kwenye ukurasa wa utangulizi nilikuwa nimeitaja kazi yangu. Usiku uleule niliifuta makala yote. Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe wa mtu nisiyemjua. Alikuwa ameihifadhi anwani ili afuate vipimo, ameshakata kitambaa, anafungua anaambiwa ukurasa haupo. Nilimtumia maelezo kwa baruapepe, lakini nilijisikia vibaya kuliko siku ile ya "masaa".

Dada yangu anasema nizichapishe zote 41 siku moja, zilivyo, nipone. Rafiki yangu wa kazini anasema nifunge blogu, kwa sababu anayelipwa asiache makosa hana ruhusa ya kukosea hadharani. Mume wangu anasema niandike tu kwenye daftari. Mimi sitaki kushusha viwango vyangu, na sitaki rasimu ya 42. Barua hii yenyewe nimeiandika mara tano.

Nifanyeje?

Msoma Prufu

—

Marahaba mwanangu,

Toleo hilo la tano lilifika na kosa moja la herufi, kwenye neno "kitambaa". Mhariri wa safu amelitoa, na hakuna aliyeshtuka. Nakutania, ndiyo, lakini kidogo tu, kwa sababu barua hiyo ina urefu wa makala nzima na uliituma.

Nilivyokuelewa, umeniletea mambo mawili yaliyoshonwa pamoja, na ningependa tuyafumue kwanza. La kwanza ni la kazi: makala haziishi, kila ukizigusa zinarudi mwanzo. La pili ni la woga: jina lako la kazini liko ukurasani, na mtu ameshakuonyesha kwamba anaweza kulitumia kukupiga. Yanafanana usiku wa manane, lakini dawa ya moja haitibu jingine. Ukijiwekea ratiba bila kuugusa woga, ratiba itavunjika. Na ukituliza woga bila kubadili namna unavyofanya kazi, utakuwa na rasimu 42 na moyo mtulivu.

Tuanze na hilo la viwango, kwa sababu sina hakika kama tatizo ni viwango vyako. Kazini prufu moja unaisoma mara ngapi? Nadhani mara mbili, labda tatu, kisha unairudisha kwa kuwa siku ya kwenda mtamboni imefika. Hakuna mchapishaji aliyekupa mswada akakuambia kaa nao hadi moyo wako uridhike. Na ule mswada ulipokufikia ulikuwa umepita kwa mwandishi, aliyekuwa na ruhusa ya kuandika ovyo, kisha kwa mhariri, aliyekata kurasa bila kujali koma zake. Wewe ulikuja mwisho, ukiwa na kazi moja yenye mipaka. Kwenye blogu watu hawa watatu wote ni wewe, mmebanana kiti kimoja, na huyu wa tatu anaanza kusahihisha dakika ya thelathini wakati wa kwanza bado anaandika. Ungekubali kazini kusoma prufu ya sentensi ambayo mwandishi wake hajaimaliza?

Kuna jambo jingine umelibeba kutoka kazini bila kuliona. Kosa likishachapwa kitabuni linabaki katika kila nakala hadi toleo lijalo, na ndiyo maana kazi yako ipo. Hata kamusi kubwa ya Kiswahili sanifu, iliyotoka 1981, ilirekebishwa na kutolewa upya 2004, kisha 2013. Miaka ishirini na mitatu kusubiri toleo la pili! Kwenye blogu, "masaa" ingekuwa "saa" ndani ya dakika moja, na kiungo cha yule aliyekata kitambaa kingebaki kinafanya kazi. Umechukua hofu ya mtamboni ukaipeleka mahali pasipo na mtambo.

Lipo pengo moja, na nalitaja usije ukakutana nalo peke yako. Ikiwa blogu yako ina wasomaji wanaopokea makala kwa baruapepe, kile kilichotumwa hakirudi. Marekebisho yako yanabaki kwenye ukurasa tu. Angalia kwenye mipangilio kama barua zinatoka papo hapo. Kama inawezekana, zichelewe saa 24 baada ya makala kutoka, au zizime kabisa kwa sasa. Unapata siku moja ya kurekebisha kabla makala haijaingia kwenye visanduku vya watu.

Sasa hiyo "masaa". Sikuambii si kosa. Wewe na mimi tunajua saa ni ya ngeli ya I-/ZI-, iwe moja au ziwe kumi, na tunajua pia watu wangapi husema masaa kila siku na wakaelewana. Swali langu ni lingine: lilimharibia nani nini? Katika makala ya ushonaji yapo makosa yanayoharibu kitu kweli. Nafasi ya mshono ya sm 1.5 ikiandikwa 15, mtu atakata kitambaa kisichorudi. Ukisahau kumwambia afue kitambaa cha pamba kabla ya kupima, suruali itapanda juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Sindano namba 90 ikitajwa mahali pa namba 70, hariri itabaki na matundu ambayo pasi haiyazibi. Je, katika zile saa ulizokesha, ngapi zilikwenda kwenye vipimo na ngapi kwenye aya ya kwanza? Barua yako inanifanya nishuku kwamba nyingi zilikwenda mahali ambapo hakuna mtu angeumia.

Kwa hiyo ningeyapanga makosa kwa uzito wake. La herufi au la ngeli, rekebisha kimya kimya ukiliona au ukionyeshwa, wala usitangaze. La ukweli au la kipimo, rekebisha na uandike chini ya makala, kwa tarehe: "Imerekebishwa: pindo ni sm 3, si sm 13." Mstari huo hauaibishi, aliyekwisha kuifuata makala anahitaji kujua. La tatu ndilo pekee linalostahili kuzuia makala isitoke: linalomgusa mtu mwingine. Mteja anayetambulika kwa nguo yake, picha yenye mtoto wa jirani nyuma, maneno kuhusu umbo la mtu uliyempunguzia kiuno. Hapo kawia hata mwezi. Kumwomba mtu ruhusa si woga.

Tugeukie matoleo yako mawili ya zipu, maana humo nimeona zaidi kuliko kwenye barua nzima. La tisa halina kosa kwa sababu halina kitu cha kukosea. Hakuna zipu ndani yake, hakuna sketi, hakuna asubuhi. "Suala zima la ubadilishaji wa zipu" ni maneno sita ya kusema neno moja, na ungelikuta kwenye mswada wa mtu mwingine nadhani ungeliwekea alama pembeni. La kwanza lina mkoba mkononi, na mkoba huo unanieleza kwa nini zipu ile ilikuwa muhimu siku ile. Halafu lina kile unachokiita aibu. Hebu mfikirie msomaji anayebadilisha zipu kwa mara ya kwanza. Zipu hulazwa uso kwa uso na kitambaa, kwa hiyo wakati wa kushona unaiona mgongo, na mkono ukiigeuza kidogo tu, juu inakuwa chini bila jicho kustuka. Naye atakosea palepale ulipokosea. Ukimwambia aweke alama ya chaki upande wa juu, kwenye zipu na kwenye kitambaa, kisha apige bandi na kuifungua na kuifunga mara moja kabla ya mshono wa kweli, umemwokolea jioni nzima. Maelezo hayo hayawezi kukaa kwenye toleo la tisa, kwa sababu mwandishi wa toleo la tisa hajawahi kukosea.

Umeuliza nani atamwamini mshonaji kama huyo. Nakurudishia swali: wewe unapojifunza mshono mpya, unamwamini nani?

Woga sasa. Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliigawa tabia ya kudai ukamilifu katika mafungu matatu: ukamilifu ambao mtu anajidai mwenyewe, ule anaowadai wengine, na ule anaoamini kwamba wengine wanamdai yeye. Nilipoisoma barua yako nilitarajia kukuta fungu la kwanza. Lipo, kwenye zile fonti. Lakini sauti kubwa zaidi ni ya tatu, na nusu yake imetoka mdomoni mwa rafiki yako: anayelipwa asiache makosa hana ruhusa ya kukosea hadharani. Sheria hiyo iliandikwa wapi? Waliokupa kazi wamewahi kuitaja? Labda wamewahi; kuna waajiri wa namna hiyo, na kama mkataba wako unagusa unachoandika nje ya kazi, usome kabla hujasikiliza ushauri wangu au wa mtu mwingine. Kama haugusi, basi mnazungumzia hofu ya watu wawili, yake na yako.

Kuhusu macho ya watu, lipo jaribio ninalopenda kulitaja. Thomas Gilovich na wenzake walilichapisha mwaka 2000. Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani alivalishwa fulana yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kwa vijana wale ilikuwa fedheha, akaingizwa chumbani walimokuwa wenzake, kisha akaulizwa anadhani wangapi wameitambua. Wavaaji walikisia karibu nusu. Waliotambua kweli walikuwa karibu robo. Sikuambii kwamba hakuna anayeona. Robo si sifuri, na wako alikuwa kwenye hiyo robo. Ila kumbuka kwamba makala ile ilikuletea watu wawili unaowajua: mmoja aliona "masaa", mwingine alihitaji vipimo hadi akakutafuta. Uliifuta kwa ajili ya wa kwanza.

Sasa njia ulizopewa. Dada yako anakupenda na amechoka, lakini rasimu 41 kwa siku moja zina madhara yake. Wanaopokea barua watapata rundo na wengine watajiondoa, na hakuna makala hata moja itakayosomwa kwa makini. Nawe jioni hiyo utakuwa na kurasa 41 za kusahihisha kwa mpigo, ukiwa umechoka. Nahofia ungezifuta zote kabla ya alfajiri. Hata hivyo ameona jambo la kweli, kwamba huo mlima ukibaki palepale utakutazama kila ukifungua.

Kufunga blogu ni njia halali. Watu hufunga, maisha yanaendelea. Ningekuomba tu usiifunge usiku, wala katika wiki ambayo mtu amekusema. Ukifunga, acha zile makala mbili zilizobaki pale pale ili viungo vyake visife, na andika mstari mmoja juu kwamba huongezi tena.

Daftari la mume wako nisingelipuuza kama wengi wanavyolipuuza. Jiulize kwa unyofu kama unataka kusomwa, au ile nusu saa ya kwanza ndiyo raha yote unayoitafuta. Kama ni hiyo, daftari linakupa bila gharama. Kinachonifanya nisite ni lile jambo lililokuuma kuliko "masaa": mtu aliyekata kitambaa akakukosa. Daftari halina mtu huyo.

Ipo pia njia ya kuitenganisha blogu na kazi: kuiondoa ile sentensi kwenye utangulizi, au kutumia jina la bandia. Kuondoa sentensi ni rahisi na kunapunguza uzito mara moja. Msomaji wa zipu hahitaji kujua unalipwa kwa nini. Jina la bandia lina masharti. Picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali na saa zilipopigwa, kwa hiyo ziondolee taarifa hizo kabla ya kupandisha, na ujue kwamba anayekufahamu atakujua kwa namna unavyoandika. Kama siku ikifichuka itakuletea hofu kubwa kuliko ya leo, haifai. Njia ya katikati ni kuamuru mitambo ya utafutaji isiziorodheshe kurasa zako kwa miezi michache, swichi ambayo programu nyingi za blogu zinayo. Makala zinakuwepo, unaowapa anwani wanazisoma, lakini haziibuki mtu akitafuta jina lako.

Na kama ungetaka kuendelea, ningekuomba ujaribu makala sita kwa namna tofauti kabla ya kuamua lolote. Usimtangazie mtu, wala usiandike "kila Jumatatu" popote. Ahadi ya hadharani ni fonti nyingine tu; ukikosa Jumatatu moja utakuwa umepata kosa jipya la kukesha nalo.

Wape wale watu watatu viti vitatu. Siku ya kwanza anakaa mwandishi, dakika 30 kwa saa ya jikoni au ya simu. Kikagua-tahajia kizime kabisa kabla ya kuanza. Kikiwa hakijui Kiswahili, kazi yake ni kukutisha tu. Kamusi ifungwe. Ukishuku neno au kipimo, weka alama tatu za kuuliza ??? na usonge mbele, usirudi nyuma hata mstari mmoja. Lenga maneno 400 hadi 500, jambo moja tu: zipu, si zipu na viraka na historia ya sindano. Kengele ikilia funga, hata katikati ya sentensi. Sentensi iliyokatika hukupa pa kuanzia kesho.

Siku ya pili anakaa mhariri, dakika 20. Huyu haruhusiwi kugusa koma. Anajaza zile ??? na anafunika aya ya kwanza kwa mkono: kama makala inaeleweka bila aya hiyo, inaondoka. (Ungeshangaa ni mara ngapi inaondoka.) Siku ya tatu unakuja wewe ninayekujua, wa prufu, dakika 15, na unasoma kwa sauti mara moja tu. Unajua kuliko mimi kwamba jicho la aliyeandika husoma alichokusudia. Ndiyo maana sauti, na ndiyo maana kuisoma kwenye simu badala ya kompyuta husaidia, mistari ikikatika mahali pengine. Kila namba ipime tena kwa futi ya fundi kwenye nguo yenyewe, usiiamini kumbukumbu. Fungua kila kiungo. Kisha chapisha, mchana, na uondoke. Kesho yake unarudi mara moja kurekebisha yaliyojitokeza, na hapo makala imeisha.

Yatakayoharibika nayajua mawili. Mojawapo ni usiku. Utaamka ukitaka kufuta. Weka sheria kwamba usiku hufuti. Ukizidiwa, irudishe kuwa rasimu, na kesho saa nne asubuhi ndipo uamue. Ukibadilisha kichwa cha makala baadaye, usiiguse anwani yake, kwa sababu anwani ndiyo iliyohifadhiwa na watu. Jingine ni sura ya blogu. Mkono ukinyimwa maneno utakwenda kwenye rangi. Chagua mojawapo kati ya zile sita, iwe hiyohiyo hadi makala ya sita itoke. Takwimu za wasomaji nazo zifiche kwa muda huo. Sita ni chache mno kukuambia chochote cha kweli.

Zile 41 nisingezigusa hadi hizo sita zitoke. Kisha saa moja, dakika moja na nusu kwa kila rasimu, usisome hadi mwisho. Zitakazobaki hai pengine hazifiki kumi. Kwa hizo, tafuta toleo la kwanza kwenye historia ya matoleo ikiwa programu yako inayo. Kama haina, usifungue toleo la mwisho; liandike upya kwa kumbukumbu, kwa dakika 30 zilezile. Ulichosahau kilikuwa cha kamati. Nyingine ziweke kwenye kabrasha tofauti usizione, bila kufuta.

Rafiki yako akisikia haya atasema haraka haraka haina baraka, dada yako atajibu ngoja ngoja yaumiza matumbo, na wote wawili watakuwa wamesema Kiswahili safi. Wasikilize wote wawili. Mimi nakupa ninayoyaona nikiwa mbali.

Nikuulize na hili, kwa upole. Hali hii inaishia kwenye blogu, au iko pia unapotuma ujumbe wa mistari miwili, unapopanga kabati, unapolala? Kama unakagua na kukagua tena hadi usingizi unakukimbia, au kazi unayoipenda imeanza kukuogopesha, usijitibu kwa ratiba ya makala. Mwone mshauri nasaha au mwanasaikolojia, umwonyeshe barua uliyoniandikia kama ilivyo.

Ile makala ya pindo ukiirudisha, jaribu kuiweka kwenye anwani ileile ya mwanzo. Programu nyingi zinaruhusu kuiandika kwa mkono. Na ukipata nafasi, toleo lolote lile, niambie zipu ilivyoishia. Umeniacha na sketi iliyoshonwa kichwa chini, na sijajua kama ilivalika.

Shangazi yako